Frateri, Hii Stika Inanilinda na Mimi?



Leo naomba nianze kwa kuungama. Si ile ya kwenye kiti cha kitubio, hiyo nimeshaifanya. Hii ni ya kwako wewe unayesoma, kwa sababu kosa lenyewe lilitokea kijiweni, na naamini kuna wengine wanalirudia kila siku bila kujua.

Likizo ya mwaka 2022 nilikuwa nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nilikuwa nimetoka kumaliza falsafa, na unajua kijana aliyetoka kumaliza falsafa anavyokuwa: kila swali analo jibu. Siku moja napita karibu na soko, kaka mmoja wa bodaboda, mwanajumuiya mwenzetu, akaniita. "Frateri, njoo mara moja. Wewe msomi. Hii stika ya bima niliyokata, inanilinda na mimi?" Nikacheka. Sikuuliza ni bima gani, sikuangalia chochote. Nikamwambia, "Bima ni bima, kaka. Si umelipa? Basi umelindwa." Akafurahi, akanipandisha akanifikisha nyumbani bila kunitoza hata shilingi.

Wiki tatu baadaye alianguka usiku akishuka kuelekea Kibirizi. Hakugongana na mtu. Alikwepa mbuzi, pikipiki ikamlalia, mguu ukavunjika sehemu mbili.

Hapo ndipo tulipojua maana ya ile stika. Ilikuwa bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo. Bima ndogo inalipa watu wengine ambao chombo chako kimewaumiza au kuwaharibia mali. Dereva mwenyewe hamo. Pikipiki yake haimo. Kwa miaka mitatu alikuwa amekata bima kila mwaka, tena kwa uaminifu, kumlinda kila mtu barabarani isipokuwa yeye. Sisemi ni jambo baya. Ni haki kabisa kwamba ukimgonga mama wa watu awepo wa kumtibu. Lakini yeye aliniuliza kuhusu nafsi yake, nami nilimjibu uongo kwa sababu niliona aibu kusema "sijui".

Jumuiya ilikutana Jumamosi. Tulisali rozari, tukapitisha kapu, ikapatikana elfu sitini na nne. Mwezi mmoja nyuma, jumuiya hiyo hiyo, tulikuwa na msiba. Kwa siku mbili tu tulipata jeneza, chakula cha waombolezaji na gari la kusafirisha mwili hadi Kasulu. Hakuna aliyelalamika. Naomba unielewe, kuzika wafu ni tendo la huruma, na ninajivunia watu wangu kwa hilo. Ila lile kapu la Jumamosi lilinikaa rohoni. Aliyekufa tulimpa kila kitu. Aliye hai, mwenye maumivu, mwenye mke na watoto wawili, tulimpa nauli.

Akauza pikipiki. Mke wake akaanza kwenda mwaloni Kibirizi alfajiri kununua dagaa wa kuuza, na mtoto mkubwa akakaa nyumbani muhula mzima kumlea mdogo wake. Mguu mmoja ulivunjika, lakini nyumba nzima ikachechemea.

Sasa kuna sentensi ninaisikia sana kwetu, hata kwa vijana wa VIWAWA: "Mkristo wa kweli hakati bima, anamtegemea Mungu." Wengine wanaongeza kwamba ukikata bima ya ajali unajitabiria ajali. Wanakumbusha ndege wa angani katika Mathayo sura ya 6, kwamba hawapandi wala hawavuni na Baba anawalisha. Ni kweli. Lakini soma vizuri: Yesu pale anakataza kuhangaika, hakatazi kuona mbele. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, ambaye walimu wangu walinifanya nimsome hadi usiku wa manane, alilitenganisha hili vizuri. Kwake, kuona mambo ya mbele na kuyapanga ni sehemu ya fadhila ya busara. Kosa ni kuhangaikia leo jambo ambalo wakati wake bado. Na mfano anaouchukua ni wa chungu wa kwenye Mithali, anayekusanya wakati wa mavuno kwa sababu huo ndio wakati wa kukusanya. Chungu hahangaiki. Anafanya kazi ya msimu wake.

Kuna mtu atasema, mbona yule tajiri wa Luka 12 alijenga maghala makubwa na Mungu akamwita mpumbavu? Swali zuri, na mimi lilinisumbua. Linganisha ghala lake na ghala la Yusufu kule Misri. Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, na njaa ilipokuja wakala Wamisri, wakala wageni, wakala mpaka wale ndugu zake waliomuuza. Tajiri wa Luka anaongea na nafsi yake tu. Katika mpango wake wote hamna mtu mwingine. Maghala yote mawili yamejaa nafaka. Tofauti ni nani anakula.

Na bima, ukiiondolea makaratasi na watu waliovaa tai, ni ghala la wengi. Watu elfu wanaweka kidogo kidogo, hakuna anayejua nani ataanguka, na akianguka mmoja anainuliwa na kilichowekwa na wote. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alisifu vyama vya kusaidiana vinavyomwandalia mfanyakazi, mjane na yatima msaada wa siku ya ajali, ugonjwa na kifo. Miaka tisini baadaye Yohane Paulo wa II akaandika kwamba mfanyakazi anastahili matibabu ya gharama nafuu na bima ya uzeeni na ya ajali kazini. Kwa hiyo usiseme hili ni jambo la kidunia tu tumeliingiza kanisani kwa mlango wa nyuma.

Haya, sasa uchague nini? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Usianze na kampuni wala bei. Anza na swali hili: mimi nikianguka kesho, mzigo wangu unamwangukia nani? Andika majina. Kama wewe ni kijana wa miaka ishirini na mbili, hujaoa, huna mtoto, unauza vocha pale Mwanga, kifo chako kitawaliza wengi lakini pengine hakitamlaza mtu njaa. Basi bima kubwa ya maisha si ya kwako leo, hata jamaa wa kampuni akikubembeleza namna gani. Wewe ukiugua ndipo mama yako atauza mbuzi. Kwa hiyo anza na afya. Ukiwa chuoni, ada yako huwa na kipengele cha bima ya afya. Wengi wanasahau hata kuchukua kadi mpaka homa iwashike. Ukiajiriwa rasmi na kuchangia NHIF, kadi yako inambeba mwenza wako na wategemezi hadi wanne. Na kama wewe ndiye uliyekuwa mtegemezi kwenye kadi ya baba, jua kuna umri unatolewa. Usisubiri dirishani hospitali ndiyo uambiwe.

Kwa sisi wa sekta isiyo rasmi, wavuvi, mama lishe, bodaboda, mwaka ule wa ajali kulikuwa na CHF iliyoboreshwa: elfu thelathini kwa mwaka, kaya ya watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa ukipewa rufaa. Elfu thelathini! Isingemaliza kila gharama ya ule mguu, lakini mgonjwa wetu angeanza matibabu kwa kadi, asingelala akisubiri kapu la Jumamosi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na mambo yanabadilika, viwango navyo pia, kwa hiyo usitumie bei yangu ya zamani. Nenda kaulize kwenye kata au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Ukipata mke au mume, swali linabadilika, maana jina jipya limeingia kwenye ile orodha. Akija mtoto linabadilika tena. Hapo bima ya maisha inaanza kuwa na maana, na bima ya ajali binafsi kwa mtu wa pikipiki au wa mtumbwi inakuwa karibu ya lazima. Hiyo ndiyo kaka yetu alikuwa akiitafuta bila kujua jina lake. Tena angalia jina la mnufaika. Unakuta mtu ana ndoa ya miaka sita, Sakramenti kamili, lakini kwenye fomu aliyojaza akiwa kapera ameandika jina la kaka yake. Akifa, mjane anaanza kugombana na shemeji kwenye matanga. Sakramenti haibadilishi fomu yenyewe, ndugu yangu. Nenda kaibadilishe.

Ukikopa, uliza kama mkopo una bima, na inalipa nini: deni ukifa tu, au hata ukipata ulemavu? Hilo ni swali la dakika moja.

Lakini si kila shida ni ya bima, na hapa watu wanachanganya. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu Kibirizi na Katonga kimya. Hiyo si ajali. Imetangazwa mapema, na inawapata wavuvi wote kwa pamoja. Kwa jambo la namna hiyo dawa ni akiba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, ile hekima ya Yusufu ya miaka ya shibe. Bima ni kwa lile usilojua siku yake, linalompata mmoja kati ya wengi, na linalozidi uwezo wa mfuko wake. Simu ikivunjika kioo, utaumia lakini utaishi. Usikate bima ya simu wakati mama mjamzito nyumbani hana kadi ya afya. Na kama huyo mama mnataka kumkatia, fanyeni mapema, maana bima nyingi zina muda wa kungoja kabla ya kulipia uzazi.

Kabla ya kulipa, soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Ni ule wenye maandishi madogo. Kama husomi vizuri, mpe mtu akusomee, lakini asiwe yule anayekuuzia. Stika ya chombo unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, maana stika feki zipo. Ukidhulumiwa fidia, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nenda kwake. Jirani zetu Waislamu wa Ujiji waliokuwa na wasiwasi wa riba wana takaful siku hizi, kwa hiyo hata ubishi ule wa kijiweni kwamba dini zote zinakataa bima hauna msingi.

Na kuna dhambi moja ya ghala hili ambayo hatuisemi kanisani. Kuazimana kadi. Binamu anaumwa, unampa kadi yako, mnafanana sura, anatibiwa. Tunaiita huruma. Ila nafaka ile umewachotea mfukoni watu elfu usiowajua, wakiwemo wajane, na siku ghala likiwa tupu nao watarudishwa dirishani. Amri ya saba haikuweka kando vitu vya bima. Vivyo hivyo ukijaza fomu ukaficha ugonjwa ulio nao: umesema uongo, na siku ya shida uongo huo huo ndio utakaokunyima fidia.

Nikirudi kwa Injili, siku hizi ninaposoma habari ya Msamaria mwema sibaki tena kwenye mafuta na divai. Natazama kesho yake asubuhi. Anatoa dinari mbili, anamwachia mwenye nyumba ya wageni, na kumwambia gharama ikizidi ataifidia akirudi. Alijua majeraha hayaponi kwa usiku mmoja. Huruma yake ilikuwa imehesabiwa, ilikuwa na kiasi, ilikuwa na ahadi ya mbele. Sisi kapu letu la Jumamosi lilikuwa na mafuta na divai. Dinari mbili hatukuwa nazo.

Desemba iliyopita nilirudi likizo. Kaka yule sasa anatembea, anachechemea kidogo, ana pikipiki ya mtu ya kupeleka hesabu. Nilimwomba msamaha pale pale kijiweni, mbele ya wenzake. Akacheka akasema, "Frateri, ulikuwa mtoto." Halafu mmoja wa wale vijana, amemwoa binti wa jumuiya yetu mwezi Septemba tu, akaniuliza kama bima ya ajali ya mtu wa bodaboda inalipa hata siku ambazo umelazwa, au mpaka ukatwe kiungo.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia tena, ili nisikie mwenyewe: sijui. Kisha nikapanda nyuma ya pikipiki yake tukaenda mjini kuuliza, na safari hii nauli nililipa.