Begi la Mama Kijacho

Mama kijacho, begi la kujifungulia umeshafunga? Kadi ya kliniki iwe juu kabisa, usije ukaitafuta uchungu umeshika. Kanga mpya zifuliwe kwanza, maana wanga wake unakwaruza ngozi changa. Kisha mpira wa kulalia, glovu, pamba, kibana kitovu, beseni. Wewe wa Mbamba Bay au Liuli, joto la ziwani lisikudanganye: ukipewa rufaa kupanda Mbinga au Litembo, baridi ya milimani haina adabu. Ongeza sweta, soksi na kofia ya mtoto. Nawe baba, nauli itengwe sasa, kabla hela ya usipa au kahawa haijapata kazi nyingine. Na yule jirani mwenye gari, mmeshaongea naye?