Kitoweo cha Jamaa Wengi Ziwa Likifungwa

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ilagala ni mji wa mto Malagarasi, kusini ya Ujiji. Wengi wa watu wake hula ugali wa muhogo, na kitoweo walichokizoea ni dagaa na migebuka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hukaa pwani, na bei hupanda. Na mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana.

Siku kama hizo ndizo ziletazo maneno majumbani. Mume mwenye watoto saba na mama mzee huingia magharibi na unga peke yake, akasema, "Ziwa limefungwa, mama watoto." Mke naye humjibu, "Na unga huu wataulia nini, bwana?"

Haki ni ya mke. Imam Nawawi katika Minhaj amebainisha ya kuwa mke ana mudi moja kila siku kwa mume fakiri, moja na nusu kwa wa kati, na mbili kwa tajiri. Na mudi ni mjao wa viganja viwili, robo ya pishi ya zaka ya fitri. Tena gharama ya kusaga na kupika ni juu ya mume, na kitoweo pia ni wajibu, hata kama mke amezoea kula mkate mtupu. Lakini kitoweo hicho hubadilika kwa majira. Basi mke hawezi kudai dagaa wabichi mwezi wa Juni ziwa limefungwa, wala mume hawezi kusema kwamba samaki wakikosekana, kitoweo kimesamehewa. Maharage yapo, kisamvu kipo shambani, mawese yapo. Konzi moja ya dagaa wakavu ikitiwa katika chungu cha maharage, watu kumi huipata ladha yake.

Na dagaa hao wakavu hununuliwa siku za wingi, wakaanikwa, wakawekwa. Asidhani mtu kwamba kuweka akiba kwavunja tawakali: Bukhari amepokea kwa Sayidna Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka.

Kisha sinia liwe moja. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu. Lakini hadithi hii isifanywe kinga na yule apitaye mkahawani kwanza, akala nyama na chapati, ndipo aje nyumbani kuwahubiria watoto kinaa!

Nafaka ya watoto haina mudi. Kadiri yake ni kuwatosha, na siku yake ikipita haigeuki kuwa deni, ila kwa amri ya kadhi. Ama ya mke, akila na mume kwa ridhaa yake kama ilivyo ada, imekwisha. Asipopewa, wala hakula naye, basi mudi ya kila siku na kitoweo chake hubaki deni shingoni mwa mume, naye atalilipa hata baada ya ziwa kufunguliwa.

Wallahu aalam.