Usilitupe Tunguu Kabla ya Masika



Mtu akitoka Bagamoyo mjini kuelekea kusini, baada ya mwendo wa kilomita kama tano hufika Kaole, penye magofu ya msikiti ukadiriwao kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe. Waliolala pale waliswali, walifanya biashara na kulea watoto. Leo wote kimya. Nasi Waislamu twasimama mbele ya mawe hayo tukisema bila shaka: hawa watafufuliwa.

Basi, sikiliza yaliyonipata mimi niliye na imani hiyo.

Katika bustani yangu nilipanda ua jekundu lenye umbo la mpira, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Hapana haja ya kuhangaikia mbegu. Hupandwa kwa tunguu lake, lifananalo na kitunguu. (Tahadhari! Tunguu hilo lina sumu; watoto na mbuzi wasilifikie.) Huzikwa katika udongo usiotuama maji, penye kivuli kidogo, shingo yake ikikaribia uso wa ardhi. Mvua za kwanza zikinyesha, ua hutokeza, kisha majani hustawi. Ua likisha, majani yasikatwe, kwani ndiyo yanayolirudishia tunguu chakula cha mwaka ujao. Yaachwe yanyauke yenyewe. Kiangazi kikiingia, maji yapunguzwe sana, kwa maana tunguu lililolala likinyweshwa mno huoza. Kazi ya mkulima wakati huo ni moja tu: kuweka jiwe la alama, na kungoja.

Mimi sikuweka jiwe, wala sikungoja. Mwezi wa Januari niliona tuta tupu, nikasema, "Limekufa." Nikalichimbua, nikalitupa jaani, nikapanda bamia. Mwezi wa Machi mvua ilinyesha. Na asubuhi moja, juu ya maganda ya mihogo na majivu, niliona ua jekundu limechanua!

Niliona haya, ndugu yangu, wala si kwa ajili ya ua. Mwaka uleule nilikuwa nimemtamkia mwanangu kwamba si mwanangu tena, kwa kuwa aliacha sala akaenda zake Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilimkemea asubuhi na jioni, kama mtu amwagiaye maji tunguu lililolala. Kisha nikachoka, nikamtupa.

Kurani Tukufu yatukumbusha mara nyingi mfano wa ardhi iliyokufa ihuishwayo kwa mvua, ili tuuamini ufufuo. Twaukubali mfano huo kwa habari ya wafu wa Kaole, ambao mifupa yao imekuwa udongo. Mbona basi twaukataa kwa habari ya jamaa zetu walio hai, wanaopumua na kula? Je, Mwenye kuweza kuwainua wale hawezi kumwinua huyu?

Simaanishi kwamba ovu liitwe jema. Tuta tupu ni tupu, na asiyeswali haswali. Lakini kujua saa ya mvua si kazi yetu. Kazi yetu ni kumlisha mtoto mafunzo mema angali ana majani mabichi, kumwombea akilala, na kuweka jiwe la alama, yaani mlango usiofungwa, ili jembe la hasira lisimkate.

Nilimwandikia mwanangu barua. Bado hajarejea katika sala. Lakini hubisha hodi, nami humfungulia.

Nawe, msomaji mpenzi, yupo nani uliyemtupa jaani? Mwendee kabla ya masika, usije ukaona haya kama mimi.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira, na azihuishe nyoyo zetu na za watoto wetu. Amin.