Idi iko ukurasa gani?

Sisi wa Lubutu, kama wenzetu wa Kindu na Kasongo, tunakaa pamoja Waislamu na Wakristo, mara nyingi ndani ya jamaa moja. Siku ya Noeli sahani inapita upande huu, siku ya Idi inarudi upande ule. Lakini mutoto akifungua kitabu cha hadisi, anakuta Noeli, anakuta Pasaka. Anauliza: "Baba, na Idi yetu iko ukurasa gani?" Na kama Mwislamu anaonekana, mara nyingi ni yule wa kanzu na bunduki, mwenye kufunga watu minyororo.

Tusidanganyane. Utumwa ulikuwako kweli. Katika karne ya 19 misafara ya Tippu Tip na wenzake ilijaa Nyangwe na Kasongo, na wazee wetu waliumia. Kuficha habari hiyo ni kuwatukana waliokufa. Lakini njia ileile ilituletea mupunga, ilituletea na Kiswahili hiki tunachoandika. Na wengi walioshika dini hiyo walikuwa watu wa hapahapa.

Kisha vikaja vita vya 1892 hadi 1894, Waarabu wakashindwa. Mwaka 1906 serikali ya Leopold II ilipatana na Vatikani: misheni za Katoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto, wasije wakabatizwa. Basi mutoto ambaye hakuwa darasani, hakuwa kitabuni pia.

Leo wengine wanasema: mumuchore mutoto mwenye kofia, muandike "Idi njema", yaishe. Sisi tunaona haitoshi. Kofia si hadisi. Hadisi inaanza pale mtu anapopaswa kuchagua.

Kwa mfano: kabla ya sala ya Idi el-Fitri, mwenye uwezo anatoa zaka ya fitri, kipimo cha chakula kwa kila mtu wa nyumbani, karibu kilo 2 na nusu, ili maskini naye ale siku ile. Basi tumpe mutoto mchele huo aupeleke kwa mjane. Njiani akutane na rafiki yake, mutoto wa katekista. Tamaa iwashike: "Tupunguze kidogo tu, tuuze, tununue mandazi. Nani ataona?" Wafanye nini sasa? Hapo mutoto Mwislamu ataona nyumba yake, na mwenzake Mkristo hatakuwa mgeni, kwa sababu tamaa ile anaijua.

Wazazi na walimu, hadisi hizo zimo vinywani mwenu. Watambieni watoto jioni, na wanaojua kuandika waandike. Habari ya minyororo tutawaambia pia wakikomaa, lakini kwa majina ya waliofanya, si kwa jina la dini ya jirani. Mutoto wa leo hakumfunga mtu.