Njia Inaponyoshwa
Mahubiri ya Majilio. Masomo: Isaya 40:1–5, Luka 3:1–14



Majilio yamefika tena, na kama ilivyo desturi ya Kanisa letu, tunamsikia Yohana Mbatizaji akipaza sauti kando ya mto Yordani. Anarudia habari ya nabii Isaya: Bwana yuaja, kwa hiyo mabonde hayana budi kujazwa, vilima kushushwa, na palipopinda kunyoshwa. Habari hii tumeisikia tangu tukiwa watoto wa Shule ya Jumapili. Lakini sisi tukaao Mchafukoge tumejaliwa jambo moja ambalo wengi hawakujaliwa. Tumeona kwa macho yetu njia ikinyoshwa.

Walio wazee miongoni mwetu wamezoea honi ya treni kutoka Stesheni, hatua chache tu kutoka Mnara wa Saa. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 mji umekua ukiifuata reli hiyo, kama mnazi ufuatavyo maji. Ukitoka Gerezani ukapita Buguruni na Vingunguti, mpaka Gongo la Mboto na Pugu, utakuta watu wamejenga karibu na reli.

Kwa nini mtu ajenge mahali pa makelele na hatari? Mtoto mmoja darasani aliwahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia hivi: mtu maskini hajengi apendapo, hujenga awezapo. Mchukuzi wa mizigo Kariakoo hawezi kupanda magari mawili kila alfajiri na mawili kila jioni, maana nauli ingekula nusu ya chakula cha watoto. Basi akipata chumba ambacho kutoka kwake hadi sokoni ni mwendo wa miguu, hukipanga, hata kama treni ikipita vikombe hucheza mezani.

Kisha ikaja reli mpya. Ujenzi wake ulianza mwaka 2017. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na hii mpya milimita 1,435. Hapa mjini inapita juu ya nguzo za zege, na treni yake huendeshwa kwa umeme. Tarehe 14 Juni 2024 abiria wa kwanza walisafiri kwenda Morogoro, na tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Mimi nimeipanda, nikafika Morogoro kabla sijamaliza kuisoma habari ya nabii Eliya niliyoifungua nilipokaa. Nilimshukuru Mungu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mwalimu mzee anapinga maendeleo. Reli ni kitu chema. Tena treni haiwezi kumkwepa mtu kama afanyavyo dereva wa bodaboda. Ikiwa katika mwendo mkali, dereva akimwona mtoto mbele yake hawezi kusimama papo hapo. Mahali pa reli hapana budi kuwa wazi. Jambo hilo silibishi.

Bali nataka tutazame nini huwapata watu njia inaponyoshwa.

Mwaka huo wa 2017 alama za X ziliandikwa katika nyumba nyingi zilizo kando ya reli. Nilipoziona nikakumbuka kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Kule Misri nako nyumba zilitiwa alama mlangoni, nayo ilikuwa alama ya damu ya mwana-kondoo. Nyumba iliyokuwa na alama ile ilisalimika. Katika mitaa yetu mambo yalikuwa kinyume: nyumba yenye alama ndiyo iliyopaswa kuondoka.

Sasa, ndugu zangu, niwaambie jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya kanisa.

Nilikuwa na nyumba kule Buguruni, ya vyumba sita, niliyoijenga pole pole kwa mshahara wa ualimu, tofali kwa tofali. Mimi na mke wangu tulikaa huku mjini, na kule nikapangisha. Nyumba hiyo nayo ikatiwa alama. Siku ya kuthamini nilikwenda nimevaa shati la kanisani, na karatasi zangu za kununulia kiwanja nimezikunja mfukoni. Wakapima kuta, wakatazama bati, wakahesabu milango. Uani palikuwa na mwembe, wakauandika. Wapangaji wangu wamesimama kibarazani wanatazama.

Palikuwa na mama mmoja mjane, muuza vitumbua, aliyekaa kwangu miaka tisa, naye ana watoto watatu. Akanisogelea akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Samahani, na sisi tumeandikwa?”

Nikamjibu kama nijibuvyo mwanafunzi aliyekosea hesabu. Nikamwambia, “Mama, wewe ni mpangaji. Kinachothaminiwa hapa ni mali.”

Akasema, “Haya, Mwalimu,” akarudi kibarazani.

Jibu langu lilikuwa sahihi kwa karatasi. Lakini usiku ule nililala vibaya, maana niligundua kwamba mwembe wangu umehesabiwa, na watoto watatu wa mama yule hawakuhesabiwa. Lililo baya zaidi ni hili. Mama yule alikuwa amenilipa kodi ya miezi sita mbele, na miezi minne ilikuwa bado. Fidia ilipotoka nilipokea yangu, nikawaambia wapangaji watafute pengine, na kodi ile sikuirudisha. Nilijiambia kwamba nami nina hasara, na kwamba naihitaji kwa kujengea kwingine. Mama akahamia Chanika. Watoto wakaacha shule yao katikati ya muhula. Na vitumbua, ndugu zangu, haviuziki kwa watu usiowajua kama vilivyouzika kwa watu waliokuzoea miaka tisa.

Sheria yetu si mbaya. Katiba ya nchi, Ibara ya 24, inalinda haki ya mtu kumiliki mali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki, na itolewe bila kuchelewa. Na kanuni zake za mwaka 2001 zinataja posho ya usumbufu, gharama ya usafiri, malazi ya muda na hasara ya biashara. Lakini mambo hayo kwa sehemu kubwa yameandikwa kwa ajili ya mwenye ardhi. Mpangaji ana sehemu ndogo. Na yule aliyejenga ndani ya hifadhi ya reli huhesabiwa kuwa mvamizi. Basi wako watu ambao karatasi haiwafikii. Je, na Injili isiwafikie?

Turudi Yordani. Yohana alipokwisha kuhubiri habari ya njia, makutano walimwuliza swali la kawaida kabisa: sisi tufanye nini? Tazameni majibu yake. Hakumwambia mtu aache kazi yake akakae jangwani pamoja naye. Kila mtu alipewa wajibu pale pale alipokuwa amesimama.

Kwanza, alisema na mwenye nguo mbili, kwamba amgawie asiye nayo. Hao ndio sisi wenye nyumba. Alama ikija, jambo la kwanza ni kuwaambia wapangaji mapema, wala tusiwafiche mpaka tumalize kukusanya kodi ya mwisho. La pili ni kurudisha kodi ambayo siku zake hazijafika. Fedha hiyo si yetu.

Pili, alisema na watoza ushuru, kwamba wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Katika mtaa wetu hao ni wale washikao kalamu: wathamini, makarani, na viongozi wa serikali za mitaa. Baadhi yao tunashiriki nao Meza ya Bwana. Ndugu zangu, kalamu yako yaweza kumwandika asiyekuwepo na kumwacha aliyekuwepo. Kumbuka kwamba iko siku nawe utasomwa katika kitabu.

Tatu, alisema na askari, kwamba wasimwonee mtu wala kumsingizia, bali watosheke na mshahara wao. Mgambo aliyetumwa kuondoa kibanda hakutumwa kuvunja sufuria. Kazi yaweza kufanywa, na mtu akaachiwa muda wa kutoa godoro na madaftari ya watoto.

Na mimi naongeza neno moja kwa wakaao kando ya reli wenyewe. Wako wanaojua kabisa kwamba kiwanja kimo ndani ya hifadhi, nao humwuzia mgeni kutoka mkoani kwa fedha alizouza ng’ombe wake. Umaskini hauwi ruhusa ya kumwibia maskini mwenzio.

Wengine watasema, “Mwalimu, kumhesabu kila mtu haiwezekani.” Imewezekana. Katika mji wa Mumbai, kule India, watu zaidi ya 60,000 waliokuwa wakiishi ukingoni mwa reli walihamishwa bila kutumia nguvu, mwanzoni mwa karne hii. Wakazi wenyewe, hasa akina mama wa vikundi vya akiba, ndio walioandika orodha ya nyumba na watu. Jirani zetu wa Nairobi nao walijifunza huko. Mwaka 2004 watu wa Kibera waliokuwa kando ya reli walipewa ilani ya kuondoka. Badala ya kubomoa tu, hatimaye watu walihesabiwa, wapangaji na wachuuzi pamoja nao, na nyumba na vibanda vya biashara vikajengwa pale pale karibu na reli, wasitupwe mbali na riziki yao. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na manung’uniko hayakukosekana, lakini walihesabiwa.

Hata hapa kwetu tuna mfano. Kurasini ilipobomolewa kupisha upanuzi wa bandari, wako waliojiunga katika vikundi vya akiba, wapangaji wakiwamo, wakanunua ekari 30 za ardhi huko Chamazi ili wajenge pamoja. Na tuna fundisho jingine pia. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bondeni Jangwani walipelekwa Mabwepande. Kule hakuna mafuriko, ila Kariakoo iko mbali, na wapo waliorudi bondeni. Tusiwacheke. Mtu hula pale afanyapo kazi.

Basi sisi kanisa tufanye nini? Kuhama hakujaisha katika mji huu. Juzi tu nyumba za Bonde la Msimbazi nazo zimebomolewa kupisha mradi. Napendekeza mambo matatu madogo. Mosi, kila mwenye nyumba miongoni mwetu awe na daftari lenye majina ya wote wakaao kwake, pamoja na watoto, na kila alipaye kodi apewe stakabadhi, ili siku ya kuhesabiwa awe na ushahidi. Pili, familia inapohama, ndugu wawili kutoka kwetu waisindikize. Mmoja ashughulikie uhamisho wa watoto shuleni, na mwingine apeleke barua kwa padre wa huko iendako, wasifike kama wasio na kwao. Tatu, tuwaombee katika ibada kwa majina yao. Mtu akitajwa jina kanisani, ni vigumu kumsahau Jumatatu.

Mtauliza habari ya yule mama. Mwaka jana katika Kwaresima nilimtafuta. Nilipata habari zake kwa mpangaji mwingine, nikaenda Chanika na fedha za ile miezi minne. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nilirudisha mara moja na nauli kidogo. Alinikaribisha, akanipa kiti, akafuta na meza. Nilipompa bahasha akaihesabu mbele yangu, kama ilivyompasa. Kisha akasema kwa sauti ya upole, “Asante, Mwalimu. Ila siku ile ndiyo niliyokuwa naihitaji.”

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nimewaletea neno lake kwa sababu liko kati yetu mtu ambaye siku yake bado haijapita. Pengine bahasha ya mwenzako ingali kabatini mwako. Usingoje Kwaresima. Mpelekee leo jioni.

Bwana wetu tunayemngoja alizaliwa wakati wa kuhesabiwa watu. Mariamu na Yusufu walisafiri kwa sababu ya orodha ya mtawala, wakakosa nafasi nyumbani mwa watu. Ajaye, basi, anajua kuhama, na anajua kukosa chumba. Tumnyoshee njia, na tunapoinyosha tumwulize aliyesimama kibarazani jina lake, tuliandike.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe unayemjua kila mtu kwa jina lake, uwatazame wote wanaohama makao yao katika mji huu. Uwape wakubwa wetu haki, uwape washika kalamu uaminifu, na sisi wenye nyumba utupe moyo wa kurudisha kisicho chetu wakati kingali kinahitajiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.