Je, Yajuzu Kuificha Elimu ya Watu Wote?

Tarehe 15 Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza kuwa baadhi ya watu waliopimwa wameonekana na virusi vya Zika. Kesho yake waziri wa afya akakanusha kuwamo kwa maradhi hayo nchini, na mkuu yule akauzuliwa.

Wenye kuzuia husema: utafiti usiohakikiwa hutia watu hofu. Ni kweli, na kungoja uhakika ni adabu ya elimu. Lakini elimu iliyotolewa katika damu za raia ni amana mkononi mwa serikali, si milki yake. Zika humdhuru mtoto tumboni. Na mwanamke mwenye mimba wa Itetemia, mbu hamngojei kibali. Sheria iliyotungwa mwaka ule ule yampa haki ya kuomba taarifa. Ila karatasi asiyojua kuwa ipo, ataiombaje?