Rupia ya Bibi na Kimya cha Mnunuzi



Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, kila mwaka tulipofika kwenye ule mfano wa hazina iliyofichwa shambani, katika Mathayo sura ya 13, alikuwapo mwanachuo wa kuuliza swali lile lile. Yule mtu aliiona hazina, akaificha tena, akaenda kuuza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua shamba. Je, alimwambia mwenye shamba? Na kama hakumwambia, hakumwibia? Sisi tulizoea kujibu kwamba mfano huo wafundisha thamani ya Ufalme wa mbinguni, haufundishi sheria ya kununua ardhi. Jibu hilo ni sahihi, na kwa mtihani lilitosha. Lakini tulijua kwamba swali halijajibiwa, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa na shamba letu la namna hiyo, na hazina yake ilikwisha kugeuka mabati juu ya nyumba yetu.

Jambo lenyewe ni la sarafu za kale. Tangu ujana tumekuwa mkusanyaji mdogo wa sarafu, na bati letu la tumbaku (ingawa hatukuvuta kamwe) limejaa senti zenye tundu na shilingi za simba. Wilaya yetu ya Rungwe ni mahali pema kwa kazi hiyo. Mjerumani alijenga boma lake hapa Tukuyu, akapaita Neu Langenburg, na kuanzia 1898 serikali yake ilitoza kodi ya nyumba iliyohesabiwa kwa rupia. Wazee wetu walizipata rupia hizo kwa kubeba mizigo na kufanya vibarua. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64. Tangu 1904 ikawa heller 100, na hapo ndipo tulipopata neno hela, ambalo leo kila mtoto hulisema pasipo kujua kwamba anasema Kijerumani.

Kisha ikaja vita. Mei 1916 majeshi ya Mwingereza kutoka Nyasaland yaliingia Tukuyu, na Wajerumani wakaondoka. Wazee husema kwamba walipoondoka walitupa silaha na fedha katika Ziwa Masoko, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba. Watu wengine waliokuwa na rupia zao walizifukia migombani wakingoja waone nani atakayeshinda. Kuanzia 1921 ilipoletwa shilingi ya Afrika Mashariki, rupia zilikoma kununua chumvi, na nyingi zikabaki ardhini au ndani ya fundo la kitambaa.

Basi wanunuzi hupita. Wengine ni wageni wenye kamera waliokuja kuona ziwa. Wengine ni vijana wenye mkoba na mizani ndogo, wanaoulizia rupia ya Mjerumani nyumba kwa nyumba. Ni kazi halali, na wala hatusemi kwamba wote ni wadanganyifu. Twamkumbuka mmoja aliyekuja sokoni Tukuyu, akamkuta mama mmoja anaisugua rupia yake kwa majivu na limau ili ing'ae. Alimshika mkono, akamwambia, "Mama, acha! Ukiisugua unaiharibu, mimi mwenyewe nitakulipa nusu." Na ni kweli, maana mkusanyaji hutaka sarafu ikiwa na ule weusi wake wa miaka, na iliyosuguliwa au kutobolewa kwa ajili ya mkufu hushuka bei sana. Mtu yule angaliweza kungoja mama amalize kusugua, kisha akamlipa nusu akiwa na sababu ya haki. Hatujapata kuona ukarimu mkubwa kuliko huo katika biashara hii, na haukumgharimu ila maneno machache na sehemu ya faida yake.

Udanganyifu nao hauko upande mmoja. Pale Masoko tumewahi kuonyeshwa sarafu "iliyotoka ziwani" ambayo tuna hakika haijapata kulowa. Mwenye kuuza alijua tu kwamba mgeni hulipa zaidi akisikia habari za ziwa. Tumeonyeshwa pia sarafu ya tembo. Sarafu ya kweli ya tembo ni ya dhahabu, ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati meli za Mwingereza zilipofunga bahari na fedha mpya haikuweza kufika. Dhahabu ilitoka Sekenke, na zilitengenezwa kama 16,000 tu. Upande mmoja yupo tembo na mlima nyuma yake, na chini herufi T ya Tabora. Kwa kuwa yatafutwa sana, nakala zake ni nyingi, na ile tuliyoonyeshwa iliruka na kunasa kwenye sumaku ya mtoto. Dhahabu haivutwi na sumaku, wala fedha haivutwi. Tulimwambia kijana jambo hilo taratibu, mbele ya mteja wake. Hakufurahi.

Lakini uongo, tukisema kweli, ni jambo rahisi kwa mwenye kuhukumu. Kila mtu ajua kwamba ni mbaya. Kinachotusumbua ni kimya.

Mwaka 1991 bibi mmoja kutoka upande wa Masoko alitujia akiwa na fundo. Mjukuu wake alitakiwa madaftari na sare, naye alikuwa amesikia kwamba mwalimu hununua indalama za zamani. Ndani ya fundo zilikuwamo rupia tatu za kawaida, na ya nne kubwa kuzidi zile, ya rupia 2. Za rupia moja tulikuwa tumekwisha kuziona nyingi. Ile ya rupia 2 hatukuwa tumeiona hata siku moja, ila tulisikia kwamba ilitengenezwa miaka miwili tu, 1893 na 1894. Bei yake hatukuijua. Tulichojua ni kwamba ni adimu.

Tukafanya nini? Tuliigeuza, tukaonyesha alama ya mkwaruzo kwenye shavu la Kaisari, tukatikisa kichwa. Tukasema kwamba hii kubwa imechakaa. Mithali, sura ya 20, yamtaja mnunuzi wa namna hiyo, anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake hujisifu. Zote nne tulizinunua kwa shilingi 400. Bibi alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga, mwalimu," akaenda kununua madaftari.

Baada ya miezi michache tulikwenda Dar es Salaam kwa semina, na mfanyabiashara mmoja akatupa shilingi 18,000 kwa ile moja. Naye bila shaka alipata zaidi. Tukanunua mabati. Wasomaji waijuao Tukuyu hawahitaji kuambiwa ni mara ngapi mvua hunyesha juu ya mabati kwa mwaka.

Tulijitetea kwa hoja nzuri. Tulijiambia kwamba bibi alipata alichokiomba, kwamba hatukujua bei, na kwamba maarifa nayo yana gharama: tumeyatafuta kwa miaka, na mganga au fundi hulipwa kwa yale ayajuayo. Hoja hii ya mwisho si ya kuchezea. Mwenye kuuza sarafu hula kwa kujua wasichokijua wengine, na kama angelazimika kumwambia kila mtu faida anayoitazamia, angefunga duka kesho.

Wakubwa wa zamani walibishana juu ya jambo hilo hilo. Cicero, Mrumi, alieleza habari za mfanyabiashara aliyeleta nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye ajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au auze kimya kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli alisema kwamba kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alikataa. Na Cicero mwenyewe alikuwa upande wa Antipater. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alikuwa mpole zaidi kwa muuza nafaka: hakumlazimisha kutangaza meli zijazo, ingawa alisema kwamba angekuwa mwema zaidi kama angetangaza. Lakini alipofika kwenye kitu chenyewe hakuwa mpole. Mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi ajua, mnunuzi amenunua isivyo haki na lazima arudishe.

Tuliposoma hapo mara ya kwanza tulikifunga kitabu.

Maana tofauti hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiikwepa. Meli zijazo ni habari za kesho. Kesho hakuna aimilikiye, na ajuaye mapema amebahatika tu. Bali kilichomo ndani ya fundo ni mali ya bibi leo, na thamani yake ni sehemu ya mali hiyo. Mwenye sarafu hawezi kutoa kwa hiari kile asichojua kwamba anacho. Kwa hiyo twaona hivi: mnunuzi hana wajibu wa kutaja faida yake, wala mteja wake wa Dar es Salaam, wala nauli yake, lakini anao wajibu wa kusema hiki ni nini. "Bibi, hii ni adimu, sijui bei yake, tuulize." Maneno kumi hayafiki. Na ukijua nusu, sema hiyo nusu. Sisi tulijificha nyuma ya nusu tusiyoijua.

Mambo huwa tofauti mkusanyaji akiokota sarafu nzuri katika sinia la mfanyabiashara wa mjini, mwenye kitabu cha bei na kioo cha kukuzia. Huyo amejipangia bei katika kazi yake mwenyewe, na akikosea ni kosa la ufundi. Hata hivyo Augustino ataja mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake, aliyetaka bei ndogo sana, naye akampa bei ya haki, nyingi kuliko muuzaji alivyotazamia. Hatufikirii kwamba kila mmoja wetu atafika hapo. Sisi hatukufika.

Upo uaminifu mwingine ambao wakusanyaji huusahau, nao ni kusema sarafu ilipatikana wapi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizitia katika kopo, na akaweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Zilipochunguzwa mwaka 1979 ilionekana kwamba tano kati yake ni za masultani wa Kilwa, hapa hapa kwetu. Zilifikaje huko, wataalamu wangali wakibishana. Kama angaliziuza bila ile alama ya ramani, zingalikuwa vipande vya shaba tu. Kijana wa Masoko anayesema kila sarafu imetoka ziwani hajui kwamba anafuta habari za babu zake kwa ajili ya bei ya soda.

Turudi kwa bibi. Ilituchukua miaka miwili kwenda kwake. Tulibeba shilingi 9,000, tukiwa tumejihesabia kwamba nusu ni yake kwa mali na nusu ni yetu kwa maarifa na nauli. Tulimweleza yote, pamoja na habari za mkwaruzo. Alisikiliza huku anamenya ndizi. Kisha akauliza, "Mwanangu, kama ni yangu, mbona waniletea nusu? Na kama ni yako, mbona waniletea?"

Hatukuwa na jibu. Nusu iliyobaki tuliimaliza kwa mafungu matatu, na pamoja na fungu la mwisho tulimrudishia rupia moja kati ya zile tatu, maana alisema babake aliipata kwa kubeba mzigo wa Mjerumani.

Mwezi uliopita alikuja mjukuu wake, yule wa madaftari, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Bibi amekwisha kufariki, na rupia anayo yeye. Alitaka kujua ni ya nini. Tulimwonyesha mwaka wake, tukaipima naye kwenye mizani: gramu 11 na kitu kidogo, kama ipasavyo. Tukamwambia ni fedha halisi, si adimu, asiisugue, na bei ambayo wanunuzi hutoa siku hizi, ya chini na ya juu. Akauliza kama mwalimu angependa kuinunua. Tukasema ndiyo, tungependa sana, na tukataja bei. Akaifunga tena kitambaani, akasema atawauliza kwanza dada zake, kwa kuwa ilikuwa ya bibi yao wote.